Yethro alimwambia Musa "si jema". Mchungaji wako ana nani wa kumwambia hivyo?

#1 Mzee wa Usharika (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimekaa kwenye baraza la wazee la usharika wetu muda wa kutosha kuona wachungaji wakija na wakihamishwa, na kuna jambo linajirudia kwa karibu wote, wazuri kwa wa kawaida. Nalileta tulijadili kwa heshima, bila kutajana majina ya watumishi wala makanisa.

Kila semina ya viongozi lazima Kutoka 18 isomwe. Kisa tunakijua: Musa amekaa kuwaamua watu, foleni imesimama tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro anatazama, kisha anamwambia jambo hili ufanyalo si jema, utachoka wewe na watu hawa nao watachoka. Mwalimu wa semina anafika kwenye wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, anachora piramidi ubaoni, chai inaletwa, tumemaliza. Jumatatu mchungaji anarudi ofisini na foleni iko pale pale.

Mimi naona tunaruka yaliyo muhimu zaidi kwenye sura ile.

Yethro ni nani pale kambini? Ni kuhani wa Midiani. Hana kabila pale, hana kesi inayosubiri, hatafuti cheo. Aya ya mwisho ya sura inasema Musa alimruhusu, naye akaenda zake mpaka nchi yake. Ushauri ule haukumwingizia chochote. Tena aliuanza kwa kuuliza: jambo gani hili unalowafanyia watu, na kwa nini unakaa peke yako? Akamwacha Musa ajieleze. Na utetezi wa Musa ulikuwa wa kiroho kabisa: watu hunijia ili wamwulize Mungu. Hebu niambieni, nani kati yetu angethubutu kumpinga mtumishi aliyejibu hivyo? Yethro alimpinga, halafu akamalizia kwa adabu kwamba iwe hivyo ikiwa Mungu naye amekuagiza. Uamuzi akamwachia mwenyewe.

Sasa watazame wanaomshauri mchungaji wa kawaida. Kuna mwinjilisti ambaye posho yake inapita mkononi mwa mchungaji huyo huyo. Kuna katibu ambaye mkataba wake unakwisha Desemba. Kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye anayeiuzia kamati ya ujenzi saruji. Wote wanaweza kuwa watu wa Mungu kweli kweli, ila kila mmoja ana cha kupoteza. Ukiwauliza "mnaonaje?" utasikia "ni maono mazuri, Baba Mchungaji". Wakitoka nje ndipo wanasema wanachoona.

Halafu suala la kugawa kazi. Aya ya 22 inasema kila neno kubwa wamletee Musa, na kila neno dogo wataamua wenyewe. Wataamua. Sisi tunagawa miguu, kauli tunabaki nayo. Kamati ya ujenzi inatumwa kutafuta bei za mabati kwenye maduka matatu, inazileta, mchungaji ananunua kwenye duka la nne ambalo hakuna aliyetumwa kwenda. Ikitokea mara mbili, mara ya tatu kamati haiendi tena. Kisha tunasikia mimbarani kwamba Wakristo wa siku hizi hawajitoi.

Na kabla ya kuteua kulikuwa na kufundisha. Aya ya 20 iko mbele ya aya ya 21: wafundishe kwanza amri, njia ya kuiendea na kazi ya kufanya, ndipo uchague "watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu". Kwetu mtu anachaguliwa mhazini Jumapili, anakabidhiwa kitabu cha mapato Jumatatu, na hakuna aliyemwonyesha kinavyojazwa.

Hoja yangu kwa kifupi: kiongozi wa Kikristo anahitaji angalau mtu mmoja asiyemtegemea kwa lolote, na anahitaji kukabidhi pamoja na haki ya kuamua. Karibuni.

#2 Soprano ya Pili

Hiyo ya mabati ni sisi kabisa 😂 Kwetu mwenyekiti wa kwaya yupo, kamati ya sare ipo, lakini kitambaa lazima Baba akione. Tulichagua bluu, tukaletewa zambarau. Pasaka tulisimama mbele kama wasindikizaji wa harusi ya mtu tusiyemjua.

#3 Mchungaji wa Pembezoni

Bwana Yesu asifiwe. Mzee wangu nimekusoma kwa makini. Mimi ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, nimelianza na familia chache chini ya mwembe. Naomba nisimame upande wa pili kidogo, maana nyuzi za namna hii hugeuka uwanja wa kuwapiga mawe watumishi.

Kukabidhi kunaumiza. Kuna ndugu nilimpa tawi, pamoja na hiyo haki ya kuamua mnayoisema. Mwaka haukuisha akabadilisha kibao cha jina, viti na spika vikaenda naye, na washirika wengi wakaenda naye pia. Mkimwona mchungaji ameshika kila kitu mkononi msikimbilie kusema ni uroho. Mwingine aliungua.

Halafu kuna wazee wanaojiita washauri kumbe wanataka kuliendesha kanisa kwa rimoti. Anakuja na bahasha, mkishaomba anakuambia mahubiri ya juma lililopita hayakumpendeza mtu fulani mkubwa. Huo nao ni ushauri?

Daudi alikuwa na Ahithofeli. Biblia inasema shauri lake lilikuwa kama mtu aulizaye neno la Mungu, na ndiye huyo huyo aliyehamia kwa Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake. Mshauri wa kuaminika unamjuaje kabla hajakuuza?

#4 Mzee wa Usharika

Amina mchungaji, na pole sana kwa lile la tawi. Ni vizuri umeingia, uzi ulikuwa unaelekea kuwa wa upande mmoja.

Huyo mwenye bahasha nakubaliana nawe. Ndiyo maana nilianza na Yethro: kipimo changu cha kwanza ni mtu huyu anapata nini nikimsikiliza, na anapoteza nini nikikataa. Mwenye bahasha anapata. Basi bahasha apewe stakabadhi kama mtoaji mwingine yeyote, na maoni yake yapimwe kama ya mshirika mwingine yeyote.

Ahithofeli ana habari ndefu. Soma 2 Samweli 11:3, Bathsheba ni binti Eliamu. Soma 23:34, yuko Eliamu mwana wa Ahithofeli. Wafasiri wengi wanaona ni Eliamu mmoja. Ikiwa ndivyo, Daudi alimchukua mjukuu wa mshauri wake na kumwua mume wa yule binti, kisha akaendelea kumwita yule mzee barazani kana kwamba hakuna kilichotokea. Sihalalishi usaliti, Ahithofeli mwisho wake ulikuwa wa kujinyonga. Ila wachungaji wengi wanaolia kusalitiwa hawajawahi kuuliza yule mtu walimtendea nini miaka mitano kabla.

Ukitaka mfano wa mshauri wa kukaa naye, mchukue nabii Nathani. Sura ya 7, Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, Nathani anamwambia nenda ukafanye yote yaliyo moyoni mwako. Usiku ule ule neno la Bwana likamjia kwamba hapana. Nathani alirudi kwa mfalme kufuta kauli yake mwenyewe! Nawaza ni nabii gani wa leo, mwenye kipindi redioni, angeweza kurudi kesho yake kusema nilichowaambia jana sicho. Kisha sura ya 12 ni yeye anayekuja na "wewe ndiwe mtu huyo". Na Daudi hakumfungia mlango. Kwenye 1 Wafalme 1 mfalme ameshakuwa mkongwe kitandani, mwanawe Adonia anajitangaza mfalme, na Nathani bado anaingia na kusikilizwa, ndipo Sulemani anapokea kiti. Mshauri uliyewahi kumkasirikia na bado anabisha hodi kwako, huyo mshike.

#5 Debe la Sadaka

Naongezea upande wangu, mimi ni mhasibu na nimekagua hesabu za makanisa kadhaa, madogo na makubwa.

Mchungaji wa Pembezoni, samahani kwa swali la moja kwa moja: viti na spika vile vilikuwa vimeandikwa wapi? Kiwanja cha tawi kiko kwa jina la nani? Nauliza kwa sababu mara nyingi tunachokiita usaliti kinaanzia kwenye karatasi ambazo hazikuandikwa. Hapa Tanzania kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na mali zisizohamishika zinatakiwa kushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Ukiwa na bodi hai, anayeondoka anaondoka na begi lake. Lakini nenda kwenye makanisa mengi machanga, hati ya kiwanja ina jina la mchungaji, la mkewe, au la muuzaji wa kwanza ambaye hakuna anayejua anakaa wapi siku hizi. Gari la huduma lina kadi ya jina la mtu. Sadaka zinatumwa kwenye namba ya simu ya mchungaji.

Mtume Paulo alipokuwa anakusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakubeba peke yake. 2 Wakorintho 8, kuna ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri pamoja nao na zile fedha, na sababu anaitaja waziwazi: ili mtu asije akatulaumu kwa habari ya karama hii. Aya ya 21 anasema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Angalia ni nani aliyemchagua yule ndugu. Ni makanisa yaliyotoa fedha, Paulo hakuchagua mtu wake.

Mwinjilisti wa Marekani Billy Graham naye, 1948 akiwa Modesto kule California, alikaa na wenzake wa karibu, Cliff Barrows, George Beverly Shea na Grady Wilson, wakaandika wao kwa wao mambo yanayowaangusha wainjilisti, fedha ikiwa mojawapo, wakakubaliana jinsi ya kujizuia. Baadaye akaacha kuishi kwa sadaka ya shukrani ya mwisho wa mkutano, akawa analipwa mshahara unaopangwa na bodi. Ukimzungumzia leo utasema alikuwa maarufu kiasi cha kutohitaji kuulizwa. Alijifunga mwenyewe mapema, kabla jina halijawa kubwa. Likishakuwa kubwa, sijaona wengi wanaokubali.

#6 Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefurahia uzi. Kwetu Wakatoliki watu hudhani paroko ni mfalme, na kwa kiasi fulani sheria inampa nafasi hiyo. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi, hilo ni lazima. Halmashauri ya kichungaji, kanuni ya 536, inaundwa askofu akiona inafaa na kura yake ni ya ushauri tu. Paroko anaweza kuwasikiliza wote na bado akaamua vingine.

Lakini kazi yenyewe imegawanywa chini zaidi, mahali ambapo walokole hawaangalii. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Leo mgonjwa wa nyumba ya tano anajulikana kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla paroko hajasikia. Mtoto akiletwa kubatizwa, barua inatoka kwenye jumuiya. Kwenye kigango changu padre anafika kwa zamu, Jumapili nyingine ibada naiongoza mimi, watu wanazikwa, wanafundishwa, migogoro ya ndoa inasikilizwa, na padre akifika anakuta mambo mawili matatu tu yaliyomshinda kila mtu. Hiyo ndiyo aya ya 22 ya mleta uzi.

Na kuhusu kusikiliza, kuna kitu nimekipenda kwa Wabenedikto, watawa wetu wa monasteri. Wanaoishi karibu na Peramiho au Ndanda wanawajua. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, sura ya 3, inamwagiza abate, yaani mkuu wa monasteri, akiwa na jambo zito aiite jumuiya nzima, wadogo kwa wakubwa, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Jambo dogo awaite wazee peke yao. Tazama ilivyo kinyume na sisi! Sisi jambo dogo, kama rangi ya kitambaa cha yule dada wa kwaya, tunaitisha kanisa zima, na jambo zito linamalizwa na watu watatu sebuleni.

Kisha abate ndiye anayeamua. Wanaotoa shauri wanatakiwa kulitoa kwa unyenyekevu bila kung'ang'ania. Hilo wazee wengi wa kanisa halijawaingia.

#7 Mmethodisti wa Meru

Hamjambo ndugu, nawasoma kutoka Kenya.

Hiyo ya wadogo imenikumbusha Rehoboamu, mwana wa Sulemani. Kila siku ya vijana kanisani anahubiriwa: aliacha shauri la wazee akafuata la vijana, ufalme ukapasuka. Vijana wanakaa pale wakitukanwa mpaka chakula cha mchana. Lakini 1 Wafalme 14:21 inasema alianza kutawala akiwa na miaka 41. Hao "vijana waliokua pamoja naye" walikuwa watu wazima, rika lake, wamelelewa naye kwenye jumba la mfalme, wanasimama mbele yake. Kwani walikuwa wamewahi kubeba mawe ya shokoa? Hawa hawakujua nira inavyouma. Kosa halikuwa umri. Aliuliza watu waliokuwa wanakula naye meza moja. Wale wazee angalau walikuwa wamesimama mbele ya Sulemani na wanajua watu wamechoka. Halafu akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, kwenda kutuliza watu. Akapigwa mawe akafa.

Kwa hivyo mimi sikubali mtu akiniambia mshauri mzuri ni mwenye mvi. Katika mkutano wetu kuna msichana anayesomea uuguzi, yeye ndiye aliyesema kambi ya maombi ya kufunga siku nyingi haifai kupokea wagonjwa wa kisukari bila kuwauliza madaktari wao. Wazee wote tulinyamaza.

Na sisi Wamethodisti tuna kisa chetu cha kugawa kazi. Bristol, Uingereza, 1742, nyumba yao ya kukutania ilikuwa na deni. Mtu mmoja akapendekeza kila mshirika atoe senti moja ya Kiingereza kwa wiki, watu wagawiwe makundi ya kama 12 na kila kundi liwe na wa kukusanya. Wakusanyaji wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakakuta walevi, wagonjwa, waliogombana na wake zao. Wakamletea John Wesley, mwanzilishi wetu, habari ambazo yeye peke yake asingezijua kamwe. Akaona hii ndiyo kazi aliyokuwa anaitafuta. Yale makundi ya kukusanya deni yakawa madarasa ya kulea roho, na viongozi wake walikuwa watu wa kawaida, wanaume na wanawake. Wesley alikuwa anapenda kutawala, hakuna anayebisha hilo, lakini alikuwa na akili ya kuchukua wazo la mtu mwingine na kulikuza.

#8 Mama wa Nyumba ya Usharika

Shikamooni wazee, na wengine hamjambo.

Mmeongea sana habari za ofisini, mimi nizungumzie nyumbani kidogo, maana foleni ya Musa inaishia sebuleni kwangu. Simu inaita saa sita usiku, ugomvi wa mpaka wa shamba. Inaita saa kumi na moja alfajiri, funguo za ukumbi haziko. Funguo za ukumbi! Mume wangu anaamka. Wazee wa mtaa huo wapo, anao kumi na wawili, lakini watu wanasema "tunataka kumsikia Mchungaji mwenyewe", naye moyoni anafurahi kutakiwa. Nimemwambia hivyo usoni, kwa hiyo siwasengenyi.

Kuna wakati alikuwa hali, halali, kila jambo linamwudhi. Nikamsomea Eliya chini ya mretemu. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, akamlisha. Kisha huko Horebu alipolalamika kwamba amebaki peke yake, akaambiwa wako elfu 7 ambao hakuwajua, na akapewa majina ya watu wa kuwatia mafuta, mmoja akiwa Elisha wa kushika nafasi yake. Mchungaji aliyechoka huona amebaki peke yake hata kama wazee kumi na wawili wako nje wanasubiri kuitwa.

Jambo jingine. Wachungaji wengi mshauri wao pekee ni mke. Mimi nampenda mume wangu na nitamwambia ukweli, lakini mimi siwezi kuwa Yethro. Nakula posho ile ile, nikikosea kumshauri tunahamishwa wote, na yapo ya washirika ambayo sitakiwi kuyajua. Tafadhalini wazee, mtafutieni mchungaji mwenzake wa usharika mwingine au mstaafu, wakae na chai kila mwezi, na msiulize waliongea nini.

#9 Mjukuu wa Mwalimu

Mama hapo juu amenena. Nakazia.

Mimi nilete historia, maana watu wanaona kukabidhi ni elimu ya uongozi ya juzi. Makanisa ya Kilutheri ya Kilimanjaro, Usambara na Uzaramo yalianzishwa na wamisionari wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Ujerumani ikashindwa, Wajerumani wakaondolewa Tanganyika, wamisionari pamoja nao. Waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katikati hapo ibada haikukoma. Waliofundisha, waliohubiri, waliozika na waliosuluhisha walikuwa walimu na wazee wa Kiafrika. Katika maeneo mengi hakuna aliyewawekea mikono ya uchungaji, walikuwa wanashika kanisa kwa cheo cha ualimu tu. Vita ya Pili ilipoanza 1939 Wajerumani wakakamatwa tena. Kufika 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), watu walikuwa wameshaonja kuongoza zaidi ya mara moja.

Ninachokiona mimi ni kwamba wale walimu hawakuamka siku moja wakawa viongozi. Walikuwa wamefundishwa kusoma, kuhubiri na kutunza daftari la washirika. Lakini pia waliokuwa wamewafundisha walichelewa mno kuwawekea mikono, na ilibidi vita ifanye ambacho wangeweza kukifanya kwa hiari. Mchungaji anayesema "bado hawajakomaa" namuuliza tu: na ukiugua mwezi huu?

#10 Mchungaji wa Pembezoni

Nimesoma yote. Debe la Sadaka, nikujibu: hapakuwa na orodha ya mali, na kiwanja kilikuwa kwa jina la yule ndugu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na muuzaji. Sina la kubisha.

Lakini Mzee wa Usharika bado hujanijibu jambo moja. Nikishakabidhi, na mtu akaamua vibaya, nifanye nini? Nikiingilia mnasema nimenyang'anya. Nikinyamaza kanisa linaumia. Na waumini hawamwendei yeye, wanakuja kwangu.

#11 Mzee wa Usharika

Swali la haki. Nitajibu kwa ninavyoona, wengine watanirekebisha.

Kosa dogo liache likae. Kamati ikinunua mabati ya geji nyembamba kuliko uliyoipenda, paa halitavuja kwa sababu hiyo, na mara ijayo watauliza fundi. Ukibadilisha wewe hawatauliza fundi, watakuuliza wewe, milele. Kosa linalogusa fedha ya mtu mwingine, mtoto, au heshima ya mwanamke aliyekuja kuombewa, hilo ni neno kubwa, linakuja kwako siku hiyo hiyo. Lakini mipaka hiyo iandikwe kabla. Katika Kumbukumbu 1 Musa anawakumbusha waamuzi aliyowaagiza siku ya kuwaweka: msiangalie nyuso za watu, msikilizeni mdogo sawasawa na mkubwa, na neno lililo gumu kwenu mniletee mimi. Waliambiwa mapema lipi ni la kupandishwa. Kwetu mtu anajua amevuka mpaka baada ya kutangazwa kwenye ibada.

Na kwenye sura hiyo hiyo Musa anawaambia watu wajitafutie wenyewe wenye hekima katika kabila zao, yeye awaweke. Matendo 6 vilevile. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa, mitume wakataja sifa, kusanyiko likachagua saba, mitume wakawawekea mikono. Yasome majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Waliolalamika walipewa watu wanaoijua lugha yao na wajane wao. Sasa wewe waumini hawamwendei uliyemweka kwa sababu labda hawakumchagua wao. Na wakija kwako wasikilize kwa dakika mbili, kisha uliza tu "mzee wako wa zoni amesemaje?" Wakisema hawajamwona, waelekeze kwake. Watanuna kidogo, watazoea.

Halafu jiandae, maana uliyemkabidhi chakula anaweza asiishie kwenye chakula. Stefano na Filipo waliwekwa kwa ajili ya meza. Sura zinazofuata mmoja anahubiri mpaka anauawa, mwingine yuko Samaria na kwenye gari la Mwethiopia. Hatusomi kwamba mitume waliwarudisha jikoni. Petro na Yohana walishuka Samaria, wakawaombea walioamini, wakaendelea.

#12 Soprano ya Pili

Kumbe hata sisi tulitakiwa kuchagua mwenyekiti wetu wenyewe? Kwetu alisomwa tu kwenye matangazo, baina ya tangazo la ndoa na la mbuzi aliyepotea.

#13 Mchungaji wa Pembezoni

Nimekuelewa mzee. La kwanza nitakalofanya ni akaunti, kwa sasa natia saini peke yangu. Debe la Sadaka, naomba utaratibu. Na nani awe wa pili?

#14 Debe la Sadaka

Mchungaji, usiweke mkeo wala mdogo wako. Wawe watia saini watatu na malipo yapite kwa wawili wowote: mhazini, katibu, na mzee mmoja aliyechaguliwa na kanisa. Wewe unaweza kukaa nje kabisa ukawa unaidhinisha kwenye kikao tu, na nakushauri hivyo, kesi nyingi nilizoziona zingeishia hapo. Benki itataka muhtasari wa kikao kilichopitisha mabadiliko, wenye saini za waliohudhuria, barua ya wadhamini, nakala za katiba na cheti cha usajili, vitambulisho na picha za wapya. Kabla hujaenda, piga simu tawi lako uulize wanataka fomu gani, kila benki ina yake. Namba ya simu ya sadaka ibadilishwe iwe lipa namba ya jina la kanisa wiki hiyo hiyo, usiiache kwa baadaye. Kile kiwanja ni habari nyingine, tafuta mwanasheria. Ukikwama kwenye muhtasari niandikie faragha nikutumie mfano.

#15 Mchungaji wa Pembezoni

Nimekuandikia. Kikao ni Jumamosi baada ya maombi. Wazee wawili wameshauliza agenda ni nini, nimewaambia waje nayo wao.